Darasa Lisilo na Msitu: Muhula Mmoja Kisii na Nyamira

Mtu wa pwani akiambiwa kwamba kazi yake itakuwa kuwafundisha watoto mazingira nje ya darasa, huanza kuwaza msitu au bahari. Ndivyo tulivyozoea. Watoto wa Watamu hupelekwa Arabuko-Sokoke na hori ya Mida. Watoto wa Mombasa huenda Bamburi kuyaona machimbo ya saruji yaliyogeuzwa kuwa bustani ya miti na wanyama. Huko Unguja, kisiwa cha Chumbe kimekuwa kikiwapokea wanafunzi kwa miaka mingi ili waingie majini na kuyatazama matumbawe kwa macho yao wenyewe. Mahali pa somo pana mpaka unaojulikana, na aghalabu pana lango na mlinzi. Katika nchi ya Abagusii hapakuwa na lango. Hapakuwa pia na mahali ambapo tungeweza kusimama na kusema kwamba hapa si pa mtu.

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliwakuta watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii na 605,576 katika kaunti ya Nyamira, na ardhi yote ya kaunti hizo mbili haifiki kilomita za mraba 2,300. Kaunti ya Lamu, ambayo eneo lake ni karibu mara tatu ya hilo, ilikuwa na watu 143,920. Wala wale wa Kisii si watu wa maghorofani. Ni wakulima, kila mmoja na kipande chake kinachoanzia barabarani juu ya mlima na kushuka kwa ukanda mwembamba mpaka kijitoni: nyumba, migomba, mahindi, chai, majani ya ng'ombe, kisha mikaratusi chini kabisa penye maji. Mmoja wetu, ambaye ni wa Lamu, alisimama siku ya kwanza akiutazama mlima wa upande wa pili na kuuliza kwa dhati, "Hapa watu huzikwa wapi?" Aliyemjibu alionyesha kwa mkono uani mwa nyumba ya karibu.

Tulikuwa wanagenzi wanne, wasichana wawili na wavulana wawili: wawili wa Mombasa, mmoja wa Lamu na mmoja wa Vanga. Sote tulikuwa tumemaliza stashahada, na shirika dogo linalofanya kazi na shule za msingi lilikubali kutupokea kwa muhula wa pili, yaani kuanzia Mei hadi Agosti, kwa posho iliyotosha nauli na chakula. Kutoka Mombasa ni mwendo wa takriban kilomita 800. Usiku wote ni wa kufika Nairobi, kisha huteremkwa Bonde la Ufa, hupitwa Narok na mashamba yake ya ngano, mpaka barabara inapoingia milimani na kuanza kupanda na kushuka bila kupumzika. Mji wa Kisii uko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mikoba yetu ilikuwa imejaa nguo za pwani, na wiki ya kwanza tulizivaa zote kwa pamoja.

Kwa kuwa jarida hili husomwa na familia nzima, na wazazi wengi huuliza jambo hili kabla ya jingine lolote, tuseme kwamba wazazi wa wale wasichana walitaka kwanza kujua binti zao watalala wapi na nani. Mjini Kisii kuna Waislamu wa tangu zamani, wakiwemo Wanubi, ambao wazee wao waliletwa nchi hizi wakiwa askari wa Waingereza. Nyumba moja ya Wanubi iliwapokea kama mabinti zao, na bibi wa nyumba hiyo akawaambia tangu siku ya kwanza kwamba saa ya Magharibi kila mtu awe ndani, awe ni mwanagenzi au profesa. Wavulana walipanga chumba nje ya mji. Siku ya Ijumaa sote tulikutana mjini kwa sala, na hapo ndipo tulipopata wali wa nazi, maana mwenye nyumba alijua kuupika.

Siku za juma zenyewe zilikuwa somo. Ijumaa adhuhuri ilikuwa yetu. Jumamosi, sehemu kubwa ya Kisii na Nyamira hutulia, kwani Waadventista ni wengi mno huko, na hiyo ndiyo Sabato yao. Jumapili ni ya Wakatoliki na makanisa mengine. Anayetaka kuwatoa watoto nje kwa nusu siku bila kuwakera wazazi wa mtu hubaki na siku nne na kipande. Mwalimu mkuu wa shule mojawapo alitupangia Jumatano, akacheka na kusema kwamba Jumatano haina mwenyewe.

Watu hudhani kwamba mwanagenzi wa kazi hii hushinda akieleza majina ya ndege. Kwa kweli hushinda akihesabu. Kabla ya kutoka lango la shule huhesabu watoto. Kabla ya kuvuka kijito huhesabu, na wakishavuka huhesabu tena. Huhesabu barua za ruhusa za wazazi, filimbi, chupa za maji, bendeji. Huhesabu pia mashamba ambayo msafara utayapita, kwa kuwa kila shamba lina mwenyewe, na kila mwenyewe ni wa kuombwa. Siku moja kabla ya kila matembezi, wawili wetu walipita nyumba kwa nyumba wakibisha hodi. Kuzipata ruhusa za matembezi ya saa tatu kulichukua siku nzima, na hapo hatujafundisha neno. Mwanzoni tuliiona kuwa kazi ya pembeni, nayo ikaja kuwa kazi yenyewe, kama itakavyoonekana.

Lugha nayo ilitupa ya kucheka. Mtoto mmoja wa gredi ya 2, alipoulizwa maji ya kwao huletwa na nani, alisema kwa Kiswahili safi kwamba baba huyateka, tena akiwa amembeba mtoto mgongoni. Tukamsifu baba huyo. Siku ya tatu ndipo mwalimu wa darasa alipotueleza kwamba kwa Ekegusii neno baba ni mama. Baba mzazi wa kiume ni tata, neno ambalo kwetu ni la mambo yaliyofumbana. Maji yenyewe ni amache, na ndiyo maana kuna mji uitwao Nyamache. Tulianza daftari la majina: watoto wakitupa neno lao, sisi tukitoa la pwani. Hatujui kama kuna somo la mazingira lililo bora kuliko mtoto kumfundisha mwalimu wake jina la mti.

Koo za Abagusii zina wanyama wao wa heshima, chui, kiboko na punda milia wakiwa miongoni mwao, na mtoto huutaja wa kwao kwa fahari. Lakini msitu wa chui umekuwa chai, na kinamasi cha kiboko kimekuwa matofali na viazi. Tulipowapeleka watoto wa gredi ya 5 Tabaka, kusini mwa Kisii, kuona machimbo ya mawe ya sabuni, mtoto mmoja aliokota kiboko aliyechongwa, wa ukubwa wa ngumi, akasema kwamba huyo ndiye wa kwao. Wasomaji wetu wa Mombasa wanawajua viboko hao, kwa maana huuzwa Mji wa Kale na kando ya hoteli, na wengi hudhani vimechongwa hukuhuku. Vinatoka Tabaka. Jiwe hutolewa chini kwa mitaimbo na majembe, likachongwa likiwa bichi na laini, likasuguliwa majini na mara nyingi wanawake ndio hufanya usuguaji huo, kisha likapakwa rangi. Mashimo ya machimbo hubaki. Watoto waliyachungulia kwa hofu, nasi tukahesabu tena.

Somo lililowavutia kuliko yote lilikuwa la mto. Milima ya Kiabonyoru huko Nyamira ndiyo inayouzaa mto Gucha, ambao Wajaluo wa chini huuita Kuja. Humiminika Ziwa Viktoria, na maji ya ziwa hilo ndiyo yanayotoka kuwa Nili. Tuliwapa watoto jani moja moja walirushe kijitoni, tukawauliza litafika wapi lisipokwama. Walisema Ogembo, wengine Migori. Tulipowachorea ramani mchangani, ziwa, Jinja, Sudan, Misri, mpaka Bahari ya Kati, walinyamaza kwa muda. Sisi wenyewe tulisisimka, maana huo ndio mto wa nchi ya Nabii Musa (AS), na mwanzo wake ulikuwa chini ya miguu yetu, upana wake ukiwa wa kurukwa na mtoto wa miaka minane. Kisha tukageuza mawe. Mto wenye afya huwa na wakazi chini ya mawe yake: kaa wa mtoni, mabuu ya kereng'ende, vijidudu vinavyoshindwa kuishi penye uchafu. Ukigeuza jiwe ukakuta minyoo myekundu pekee, umeshajua kinachotoka juu. Watoto hawakuhitaji chombo chochote isipokuwa sahani nyeupe.

Ilikuwa katika moja ya Jumatano hizo, Nyamira, ambapo jambo ambalo tulitaka hasa kuwaeleza lilitokea. Darasa la gredi ya 4 lilikuwa likilinganisha chemchemi mbili zilizo kwenye kilima kimoja. Kila moja ilikuwa imejengewa kwa saruji na kutiwa bomba, na kina mama na watoto huteka hapo. Hatukuwa na saa ya kutosha kila kundi, basi watoto wakaamua kupima kwa wimbo: mtungi wa lita 20 uwekwe chini ya bomba, na waimbe wimbo wao wa shule mpaka ujae. Kwenye chemchemi ya kwanza, iliyozungukwa na mkuyu mkubwa na vichaka, waliuimba mara moja na mtungi ukafurika. Kwenye ya pili walirudia mara tatu, wakachoka, wengine wakaketi. Juu ya chemchemi hiyo ya pili palikuwa na mikaratusi, safu juu ya safu, mirefu, iliyonyooka, mizuri kwa kweli.

Lazima tuseme haki. Chemchemi mbili si ushahidi. Mwamba wa chini huenda ukawa tofauti, na mwinamo pia. Lakini kwamba mkaratusi hunywa maji mengi, na kwamba ukipandwa penye chemchemi huidhoofisha, ni jambo wakulima wa huko walilolijua kabla yetu, na serikali nayo ilishalisema: mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo kandokando ya mito na kwenye vyanzo vya maji iondolewe. Kanuni za nchi zinataka ukanda wa kati ya mita 6 na mita 30 kutoka ukingoni uachwe. Watoto wenyewe, bila ya kuambiwa, walinyoosha vidole juu. Hapo msichana mmoja, mdogo wa umbo, aliyekuwa ameushika mtungi, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ile ni miti ya tata. Hiyo ndiyo inayomlipia kaka yangu karo."

Wenzake wakamgeukia. Aliyekuwa akiongoza somo miongoni mwetu aliwaita wote waketi, akamshukuru kwa kusema, akauliza darasa zima: nani mwingine kwao kuna mikaratusi? Karibu mikono yote ikainuka. Msichana akainua uso.

Mti huu una historia inayoanzia kwetu. Asili yake ni Australia, na uliletwa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 ili kupatikana kuni za kuendeshea garimoshi, lile lile lililoanzia Mombasa. Garimoshi likaacha kula kuni, mti ukabaki. Leo viwanda vya chai vya milima hiyo hukausha majani kwa moto wa kuni, na kuni hizo aghalabu ni mkaratusi. Nguzo za umeme pia. Kwa hiyo mkulima mwenye robo ya ekari huuona ukanda ule wa chini, wenye unyevu usiofaa chai wala mahindi, kuwa benki yake. Hupanda mara moja, haupalilii, na ukikatwa huchipua tena wenyewe. Chai humpa kidogo kila mwezi na bonasi mara moja kwa mwaka. Mti humpa fungu kubwa siku moja, na barua ya shule ya sekondari nayo hudai fungu kubwa siku moja.

Tulimwendea tata wa msichana yule siku iliyofuata, kwa kuwa ruhusa ya kupita shambani mwake ilikuwa yake, na kwa kuwa haikuwa adabu somo la watoto limjadili mtu bila yeye kuwapo. Alitupokea vizuri, akatuwekea viti nje, mkewe akaleta chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha. Tulimweleza yaliyopita. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wanangu," alisema, "mikaratusi hii ilipandwa na marehemu sokoro wa watoto hawa, na aliambiwa na bwana misitu kwamba ni maendeleo. Leo mwaniambia ni adui. Mimi sikatai kwamba maji yamepungua, mke wangu ndiye anayeyangoja. Lakini nikiing'oa leo, kesho mtamlipia nani karo?"

Hatukuwa na jibu, na hatukujifanya kuwa nalo. Mwenzetu wa Vanga ndiye aliyezungumza, naye alizungumza juu ya kwao. Alimwambia kwamba pwani ya kusini, mtu alikuwa akikata mkoko kwa boriti kwa sababu hiyohiyo ya karo. Kisha huko Gazi ukaanza mwaka 2013 mpango wa Mikoko Pamoja, ambao kwao mikoko iliyosimama huuzwa kwa thamani ya hewa ukaa inayoihifadhi, na fedha zake zikaingia katika maji na shule za kijiji. Vanga nayo ikafuata. Mzee alipenda habari hiyo, akauliza maswali makali: nani hupima, nani hushika fedha, zagawanywaje. Kisha akasema kwamba mikoko ya Gazi ni ya bahari, haina hati ya shamba, na wote ni wenyewe pamoja. Miti yake yeye ni ya mtu mmoja, na chemchemi ni ya watu arubaini. Sote wanne twaamini kwamba katika maneno hayo alilieleza tatizo la kaunti mbili vizuri kuliko kitabu chochote tulichopewa chuoni.

Tulirudi usiku ule tukizungumzia jambo tulilolisoma madrasa na ambalo hatukuwahi kulifikiria kuwa somo la mazingira, nalo ni harimu ya kisima. Wanazuoni wetu wa fiqhi waliandika zamani kwamba kisima na chemchemi vina ukanda wao, ambao mtu haruhusiwi kuchimba wala kufanya jambo litakaloyadhuru maji. Mita 6 na mita 30 za kanuni za Kenya si ngeni kwa Muislamu. Tena wapo waliokwisha kulitumia fundisho la aina hii. Kisiwani Misali, Pemba, mwishoni mwa miaka ya 1990, wavuvi walielezwa hifadhi ya bahari kwa mafunzo ya Uislamu, na maneno yaliyotoka misikitini yakawaingia zaidi kuliko matangazo ya serikali. Darasani Nyamira hatukuhubiri, kwani watoto wale wana dini ya wazazi wao na tulikuwa wageni. Ila adhuhuri tulitawadha pale chemchemini mbele yao, na waliposhangaa uchache wa maji, tuliwaambia kwamba imepokewa kuwa Mtume wetu (SAW) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, yaani kiasi cha viganja viwili vilivyojaa. Walijaribu kunawa uso, mikono na miguu kwa kiasi hicho. Wengi walilowa nguo zaidi ya viungo. Yule msichana aliweza.

Mzee hakung'oa shamba lake. Alichofanya ni hiki: safu mbili za chini kabisa, zilizokuwa zimefikia kimo cha kuuzwa, aliziuza mwezi Julai badala ya kungoja Januari, na akakubali zisichipue tena. Shule ikaleta miche kutoka kitaluni kwao, mikuyu, mianzi na mizambarau ya mwitu, watoto wakaipanda penye ukanda ule siku ya mvua, kila mche ukiwa na jina la mtoto. Jirani yake wa kushoto, mwenye mikaratusi mingi zaidi, alitusikiliza vilevile kwa chai na ndizi, akakataa, na sababu zake zilikuwa zilezile. Hatuwezi kumlaumu. Safu zake bado zasimama, na chemchemi ni moja.

Tulipokuwa tukiaga, mwanzoni mwa Agosti, visiki vilikuwa vimeanza kutoa machipukizi mekundu, maana mkaratusi hauachi kwa kuambiwa mara moja. Machipukizi hayo huwa laini kwa wiki chache tu, kisha hukomaa na kuhitaji panga. Msichana yule alikuwa amejipa kazi bila kumwambia mtu. Kila asubuhi, baada ya kuweka mtungi chini ya bomba, hupanda mpaka kwenye visiki, akavizunguka kimoja kimoja na kuyakwanyua machipukizi kwa mkono, huku akiimba ili ajue mtungi umejaa.